Nchi Inayobebwa na Vijiji

Ngazija haina mto. Mvua yake si haba. Miteremko ya magharibi ya mlima Karthala hupata zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka. Lakini kisiwa chote ni lava, jiwe jeusi lenye matundu, na maji yakianguka yanamezwa papo hapo, yakashuka chini kwa chini mpaka baharini. Ukitoka uwanja wa ndege wa Hahaya kwenda Moroni unapita juu ya mikondo ya moto iliyoganda. Mingine bado mitupu, mingine imeota minazi na migomba kwenye nyufa, na mkono wako wa kulia mawimbi yanapasuka juu ya mwamba mweusi njia nzima.

Maisha ya watu, basi, yamo ndani ya tangi. Katika kijiji kimoja cha mlimani mwenyeji wangu, mama wa makamo aliyewahi kukaa Dar es Salaam na anayesema Kiswahili cha Kariakoo bila kukwama, alinifunulia la kwake: chumba cha saruji kilichoegemea ukuta wa nyumba, mfuniko wa bati, na mfereji unaoteremsha maji kutoka paani. Kando ya mfuniko ilining'inia kamba yenye mafundo. Aliitumbukiza, akaivuta, akashika pale unyevu ulipoishia. "Hapa bado tunaoga," akaniambia, kidole kwenye fundo. Akashuka fundo jingine. "Hapa tunapika tu." Wa pwani huchimba visima, ila maji yake yana chumvi. Mwaka 2005 Karthala, wenye kimo cha mita 2,361, ulipolipuka, majivu yaliangukia mapaa na kuingia matangini, na maelfu kwa maelfu ya watu wakawa hawana cha kunywa ilhali mlima haukumfikishia hata mmoja wao moto mlangoni.

Nilimuuliza mama yule nani aliyejenga tangi kubwa la kijiji, lile lililo nyuma ya msikiti. Akanihesabia: tangi, barabara ya kushukia njia kuu, madarasa mawili, nguzo za umeme. Vyote vilitoka kijijini, kwa michango na kwa fedha za harusi. Serikali aliitaja mara moja tu, nayo ilikuwa kwa habari ya mwalimu aliyekuwa akingoja mshahara.

Muungano wa Komoro ni nchi ya visiwa vitatu, Ngazija, Anzuani na Mwali, vyenye jumla ya kilomita za mraba 1,860 hivi, na sensa ya 2017 ilikuta humo watu zaidi ya 750,000. Inacho kila kinachohitajika kuitwa dola: rais anayekaa ikulu ya Beit-Salam, bunge, magavana wa visiwa, benki kuu, faranga yake iliyofungwa kwa euro moja kwa faranga 492 kasoro kidogo, na kiti Umoja wa Mataifa. Mwaka 2023 iliuongoza hata Umoja wa Afrika. Lakini ukitaka kuona mahali ambapo Wangazija wanajitawala hasa, keti bangweni.

Bangwe ni uwanja wa mji, kwa kawaida karibu na msikiti, wenye mabaraza ya mawe kuuzunguka. Alasiri niliyokaa hapo wazee walikuwa kwenye bao, vijana kwenye domino upande wa pili, na baina yao mpaka ambao hakuna aliyehitaji kuuchora. Nilimwamkia aliyekuwa karibu nami, "Kwezi", akaniitikia na kunisogezea nafasi, kisha akanionyesha kwa mkono mahali ambapo mimi mgeni sikupaswa kukaa. Kila jiwe lina watu wake. Wanaume wamepangwa kwa hirimu, na wanapanda daraja kwa kutimiza ada, mpaka ile ya juu kabisa, ndoa kubwa. Aliyeifanya anakuwa mtu mzima, anavaa joho lake, anasema na anasikilizwa. Asiyeifanya ni mwana wa mji hata akiwa na mvi, hata akiwa daktari au waziri. Hapo bangweni ndipo ugomvi wa mashamba unapoamuliwa, faini inapotozwa, mchango unapopangwa, na mkaidi anapotengwa, asizikiwe wala asialikwe.

Ndoa kubwa inaweza kula makumi ya maelfu ya euro. Niliiona sehemu yake moja tu, alasiri ya ngoma ya wanawake: mabibi wameketi kwa mistari, nyuso zimepakwa liwa, dhahabu ya bibi harusi inapitishwa kwenye sinia na kuonyeshwa kipande kwa kipande huku bei yake ikitajwa kwa sauti. Ng'ombe wanachinjwa, mchele unagawiwa nyumba kwa nyumba, na kila aliyepokea anajua zamu yake ya kulipa itafika. Siku hizi vijiji vingi vimeamua sehemu ya gharama hiyo iingie mfuko wa mji badala ya kuishia vyunguni. Yale madarasa mawili ya mama yule yalitoka huko.

Wako wanaoiona ndoa kubwa kuwa ni maangamizi. Ali Soilih, aliyetawala kuanzia 1976 hadi 1978, alitaka kuikata kabisa: aliipiga marufuku, akawafukuza watumishi wa serikali, akachoma kumbukumbu za ofisi na kuwapa vijana madaraka ya wazee. Aliuawa, na harusi zikarudi. Mimi nawaelewa waliochoka. Kijana anayeosha vyombo miaka kumi Marseille ili anunue mikufu ya siku moja anastahili kuhurumiwa, na nchi isiyo na hospitali ya kutosha ina haki ya kuuliza dhahabu hiyo inakwenda wapi. Lakini mfuko wa mji una hesabu inayosomwa hadharani bangweni, mbele ya watu wanaojuana kwa majina ya mababu. Sijui taasisi nyingine nchini humo inayotoa hesabu ya wazi namna hiyo.

Na nyumba ni ya mwanamke. Hili lazima mgeni aliweke kichwani mapema, maana linaeleza mengi ya anayoyaona barabarani, zile nyumba za ghorofa zisizokwisha, nondo zikichungulia juu ya paa miaka na miaka. Baba na wajomba huanza kumjengea binti angali mdogo, tofali kwa tofali kadiri fedha zinavyofika. Mume ndiye anayehamia. Talaka ikitoka, yeye ndiye anayebeba sanduku. Mashamba ya manyahuli nayo yanarithiwa kwa upande wa mama, hayauzwi, wala kadhi hayagawi kama mirathi nyingine, ingawa nchi hii ni ya Kiislamu tangu karne nyingi na imetoa masheikh walioisomesha pwani yetu nzima. Sheikh Ahmed bin Sumeit, kadhi wa Zanzibar, alizaliwa Itsandra, mwendo mfupi kutoka Moroni.

Fedha zinazoendesha yote haya hazizaliwi visiwani. Fedha za Wakomoro walioko Ufaransa, Marseille hasa, ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya uchumi wote. Julai na Agosti wanarudi, Hahaya inajaa, na bei ya samaki sokoni Volovolo inapanda. Katika soko hilo niliona vitunguu, ndoo za plastiki na kanga zilizotoka Dar es Salaam. Mchele unatoka mbali zaidi, nao ndio chakula kikuu. Nchi ya wakulima inanunua nje kile inachokula kila siku. Kinachokwenda nje ni vitu vitatu tu vya thamani: karafuu, vanila, na mafuta ya langilangi.

Langilangi niliifuata Anzuani. (Mwali nilipita tu: boti ndogo kutoka Chindini hadi Hoani, mji wa Fomboni mtulivu, kasa wa Itsamia wanaolindwa na wanakijiji wenyewe. Ni kisiwa kidogo kuliko vyote na mito yake ingali inatiririka.) Anzuani ni milima iliyosimama wima kutoka baharini, na imejaa watu, zaidi ya 700 kwa kila kilomita ya mraba. Maua yanachumwa alfajiri kabla jua halijakausha harufu yake. Milangilangi imekatwa vilele na kupindwa ili isimzidi mchumaji kimo, hivyo shamba zima lina miti iliyojikunyata. Wanawake walifika na mabeseni kichwani, maua ya njano yenye ncha zilizolegea, yakapimwa, yakamwagwa ndani ya pipa la kukenekea lililowekwa maji, mfuniko ukabanwa, moto ukakokwa.

Mkenekaji hakuuondokea mtambo wake. Mvuke unapita kwenye bomba lililozamishwa katika maji baridi, na mwisho wa bomba yanadondoka maji yenye mafuta yanayoelea juu. Yale ya mwanzo, mazito na makali kwa harufu, anayatenga kwenye chupa yake, kwani ndiyo ya bei. Kisha anaendelea, daraja baada ya daraja, mchana kucha na usiku, mpaka maua yatoe tone la mwisho. Watengeneza manukato wa Ufaransa wananunua kwa uzani na kwa daraja. Alinipaka tone kifundoni mwa mkono na harufu ilidumu siku iliyofuata.

Lakini nyuma ya mtambo lilisimama lundo la kuni lililonizidi kimo. Kila chupa ya mafuta inakula mti. Ongeza kuni za jikoni, ongeza mashamba yanayopanda kilima kwa sababu bondeni hakuna nafasi tena, na utaelewa kwa nini mito ya Anzuani inakauka. Watu wazima wa huko wanakuonyesha makorongo ya mawe na kukuambia walikuwa wakiogelea. Ngazija haikupewa mito. Anzuani ilikuwa nayo na inaipoteza mbele ya macho ya watu walioikuta, na sikuona uchungu mwingine wa kisiwa hicho unaofanana na huo, isipokuwa mmoja.

Ule wa pili ni Maore. Bendera ya Komoro ina nyota nne, ya nne ikiwa ya kisiwa hicho kilicho kilomita 70 hivi kutoka Anzuani. Katika kura ya Desemba 1974 visiwa vitatu vilichagua uhuru kwa takriban kauli moja. Maore, zaidi ya asilimia 60 wakachagua kubaki na Ufaransa. Ufaransa ikahesabu kura kisiwa kwa kisiwa, kiongozi wa Komoro, Ahmed Abdallah, akatangaza uhuru tarehe 6 Julai 1975, na Umoja wa Mataifa umesema mara nyingi kuwa Maore ni sehemu ya Komoro. Mwaka 2011 ikawa mkoa kamili wa Ufaransa. Tangu 1995 Mkomoro anahitaji viza kwenda kumwona shangazi yake. Wasioipata wanapanda kwasakwasa, boti nyembamba za faiba, usiku, wajawazito na wagonjwa wakiwamo. Waliozama ni maelfu. Nilipozungumza na vijana wa ufukweni hakuna aliyesema anakwenda ng'ambo. Walisema wanakwenda hospitali, au kwa kaka, au kazini, kama mtu wa Kigamboni anavyosema anavuka kwenda mjini. Mpaka huo siuoni kuwa wa haki, na hata anayeuona wa haki hana la kujibu juu ya makaburi yake.

Dola yenyewe ilianza kuporwa kabla haijatimiza mwezi. Tarehe 3 Agosti 1975 Abdallah alipinduliwa. Mamluki Mfaransa Bob Denard alimsaidia Soilih, kisha akarudi 1978 kumwondoa, akakaa nyuma ya kiti cha Abdallah mpaka rais huyo alipouawa 1989, na 1995 akaja tena. Mapinduzi na majaribio ya kupindua nchini humo yanapita 20. Mwaka 1997 Anzuani ilijitenga, ikaomba hata kurudishwa chini ya Ufaransa. Mapatano ya Fomboni na Katiba ya 2001 yalileta dawa ambayo kila mtu niliyekutana naye Anzuani anaieleza kwa vidole vitatu: urais kwa zamu, kisiwa baada ya kisiwa. Azali Assoumani wa Ngazija, kisha Sambi wa Anzuani 2006, kisha Ikililou wa Mwali 2011, kisha Azali tena 2016. Katikati ya hayo, Machi 2008, askari wa Tanzania na Sudan walishuka Anzuani pamoja na jeshi la Komoro kumwondoa kiongozi wa kisiwa hicho, Mohamed Bacar, aliyekataa kuachia madaraka. Mjini Mutsamudu waliposikia natoka wapi, waliniletea habari hiyo kabla sijauliza; wengine walishukuru, wengine walitaka kujua kwa nini hatukurudi baadaye.

Baadaye ndiyo 2018. Kura ya maoni ya Julai mwaka huo ilimruhusu rais kukaa mihula miwili mfululizo, na zamu ya Anzuani iliyotarajiwa 2021 ikayeyuka. Oktoba risasi zililia katika vichochoro vya mji mkongwe wa Mutsamudu. Azali alitangazwa mshindi 2019, na tena Januari 2024, safari hiyo Moroni ikiwekewa amri ya kutotoka usiku. Sambi alihukumiwa kifungo cha maisha 2022.

Nilimuuliza mzee mmoja, chini ya ngome ya Mutsamudu, kama bangwe lisingeweza kuliamua hili. Alifikiri kwa muda. Bangwe, alisema, lina nguvu kwa watu wa mji mmoja. Mngazija hana jiwe la kukalia Mutsamudu, wala yeye hana Moroni, na ndiyo maana waliandika zamu kwenye karatasi. Muhula wa sasa unaisha 2029. Kwa Katiba ilivyo leo, baada ya hapo kiti kinapaswa kuhama kisiwa, na mjini humo sikukuta mtu mzima asiyeujua mwaka huo.