Kilo Zilezile

Baba yangu ana kilo 70. Alikuwa na kilo 70 nilipomaliza kidato cha nne, na alikuwa nazo mwaka huu nilipomsimamisha kwenye mashine ya utafiti wangu. Kwa muda mrefu namba hiyo ndiyo iliyonipa usingizi. Nilipopiga simu na kumuuliza habari za afya, alijibu, "Marahaba mama. Niko salama, kilo zangu zilezile."

Nasoma shahada ya uzamili katika lishe. Utafiti wangu unahusu watu wenye miaka 60 na zaidi: katika uzito wa mtu, kiasi gani ni misuli na kiasi gani ni mafuta. Mashine ninayotumia hupitisha mwilini umeme mdogo sana, hata huuhisi. Karibu robo tatu ya msuli ni maji, hivyo umeme hupita humo kwa urahisi, mafuta huukwamisha. Kwa tofauti hiyo mashine hukadiria mgawanyo wa mwili.

Kabla ya kwenda kwa wazee wa watu, nilitaka kujifunza kwa mzee wangu. Baba alivua viatu, akapanda, akashika vishikio. Kilo 70. Misuli: asilimia 27.

Nikadhani mashine imekosea. Mtu asiyekunywa maji ya kutosha huweza kuidanganya. Nikampa maji, nikarudia kesho yake asubuhi. Ikasoma 28. Nikampa kifaa cha kupima nguvu za mkono, akakibana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Kilo 21. Kwa mwanaume, chini ya 27 ni dalili ya kutiliwa maanani.

Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2000, vya watu wazima 468 waliopigwa picha za MRI mwili mzima, vilionyesha kwamba misuli inayoendesha mifupa ni wastani wa asilimia 38 ya uzito wa mwanaume na 31 ya uzito wa mwanamke. Hupungua kadiri umri unavyosonga, hilo nalijua. Lakini huyu alikuwa kuli wa Kariakoo. Jina lenyewe la mahali pale limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Baba alibeba lumbesa za viazi na vitunguu kwa zaidi ya miaka 20. Ada yangu ilipita mgongoni mwake, gunia kwa gunia.

Miaka minne iliyopita aliteleza na mzigo, akavunjika mguu. Alilala karibu miezi miwili, akakonda mpaka mashavu yakaingia ndani. Aliposimama tena, nilimwambia, "Baba, sasa pumzika. Zamu yangu." Nilikuwa nimepata kazi ndogo, nikawa natuma hela ya mchele, sukari na mafuta ya kula. Nikamkataza kubeba chochote. Wadogo zangu wakaagizwa: mzee asiguse hata ndoo. Kiti chake kikawekwa barazani.

Uzito ukarudi. Majirani wakapita wakisema, "Mzee umenawiri!" Kwetu hiyo ni sifa, na mimi niliipokea kama yangu.

Kumbe zilizorudi hazikuwa kilo zilezile. Mtu akilala wiki nyingi, misuli huondoka haraka. Akianza kula vizuri bila kuitumikisha, mwili hujaza pengo kwa mafuta zaidi. Mizani ya kawaida haioni tofauti. Na msuli haupo kwa ajili ya kubeba tu. Ni ghala la protini. Mtu akiugua sana au akikaa na njaa, mwili hubomoa misuli ili kulisha viungo vingine na kupambana na ugonjwa. Ghala la baba lilikuwa limepungua na sisi tulikuwa tunasifia ukuta wa nje.

Dalili nilikuwa nimeziona. Alianza kusukuma magoti kwa mikono ili ainuke. Kwenye daladala alisubiri wote washuke kwanza. Niliita uzee. Sikutaka kufikiri kwamba gunia halikumla baba yangu kama kiti kilivyomla, na kiti nilikileta mimi.

Nilipomweleza, alinisikiliza, kisha akauliza, "Sasa hizo nyingine zimekwenda wapi?" Sikuwa na jibu la darasani. Nikamwomba msamaha. Akacheka: "Ulinipumzisha, mama. Mzazi gani anakataa kupumzishwa?"

Tulianza na kiti hichohicho. Kuinuka bila kushika kitu, kukaa, kuinuka tena. Siku ya kwanza alifika mara nne, akahema. Nikapunguza sukari ninayonunua, nikaongeza mayai, dagaa na maharage. Sasa anafika mara kumi na moja. Asilimia haijapanda sana, lakini daladala anashuka na wenzake.

Jumapili iliyopita nilimkuta bombani, ndoo ya lita 10 imejaa. Nikanyoosha mkono kumpokea, kama binti yeyote aliyelelewa vizuri. Nikaurudisha. Akaibeba mpaka jikoni, polepole, na mimi nikatembea nyuma yake nikiwa mikono mitupu.