Bariadi: Nyumba Ziingojazo Pamba

Msafiri atokaye Mwanza kwa basi hupita Magu, na afikapo Lamadi huiacha barabara kuu ya Musoma na kushika ile iendayo Bariadi, mwendo wa kilometa zipatazo 70. Njiani ataona mashamba ya pamba na makundi ya ng'ombe. Lakini akiukaribia mji atastaajabishwa na jambo jingine: nyumba zisizokwisha. Ipo misingi iliyoota majani, zipo kuta zilizoishia usawa wa madirisha. Mgeni aweza kudhani kuwa wenyewe wamehama. La hasha! Wenyewe wapo mjini, wamepanga vyumba.

Mmoja wao ni kijana wa miaka 29, mwendesha bodaboda ambaye pia hulima pamba kwao Itilima. "Karibu sebuleni, kaka," aliniambia, akinionyesha mahali palipojaa mbigili.

Matofali aliyachoma mwenyewe. Kila mwaka baada ya kuuza pamba hununua saruji. Bei ikiwa mbaya, ukuta hungoja msimu mwingine. Wakati huohuo mwenye nyumba humdai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. "Kila nikilipa, kaka, nahesabu mifuko ya saruji niliyompa mtu mwingine," alisema.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Kijana wa Kisukuma aliyetaka kuoa hakununua kiwanja. Ardhi aliipata kwao. Miti na nyasi za kuezekea zilitoka porini na katika ngitili, yaani malisho yaliyohifadhiwa. Vijana wenzake, basumba, walikusanyika, na nyumba ya msonge ikasimama. Gharama yake kubwa ilikuwa kuwalisha waliokuja kusaidia.

Kisha nyakati zikabadilika. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ilihamisha kaya nyingi. Miti nayo ilipungua mno, hata mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI wa kuhifadhi ardhi katika Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati ule ulijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu. Mwaka 2012 ukazaliwa Mkoa wa Simiyu, na Bariadi ikawa makao makuu. Zilikuja ofisi, wakaja watumishi, na viwanja vikapanda bei. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 1,600,000 mkoani. Ile ya 2022 ilikuta zaidi ya 2,100,000.

Je, kijana akakope wapi? Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa miaka ya 1970, ilikufa mwaka 1995. Mabenki ya leo hutaka kuona mshahara na hati miliki. Mkulima wa pamba hana mshahara wa mwezi, na kiwanja kisichopimwa hakina hati.

Nilifuatana na kijana huyo hadi kwa baba yake, mwenye ng'ombe saba. Mchumba amekwisha patikana. Mzee alimtazama mwanawe, akasema kwa upole: "Mwanangu, ng'ombe ni hawa. Ukiwatoa mahari, mke utamlaza wapi? Ukiwauza upate bati, utaoa kwa nini?" Kijana aliinama asijibu.

Tulipokuwa tukirudi ndipo aliponieleza kuwa yeye na wenzake tisa wa kijiweni wameunda kikundi. Kila mmoja hutoa fedha kila wiki, na zikitosha hununua bati za mwenzao mmoja, kisha wote hupanda kuezeka. Wamekwisha ezeka nyumba tatu. Yeye ni wa tano. Basumba hawajafa, ndugu msomaji. Wamebadili jembe kwa pikipiki.

Hata hivyo, kikundi hakiwezi kupima ardhi. Hiyo ni kazi ya halmashauri. Vikipimwa viwanja vidogo, na mnunuzi akaruhusiwa kulipa kwa misimu badala ya mkupuo, vijana wengi wataweza kujenga. Huyu wa Itilima haombi kujengewa. Anaomba kalenda ya malipo ifuate kalenda ya pamba, ili ng'ombe saba wa baba yake wabaki kuwa mahari.