Usinunue Mota Bado

Mpwa wangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti umenifikia, na mngurumo wa mashine yako ya kufulia nimeusikia vizuri. Sisi huku Tanga hatujambo.

Umeniambia fundi aliyepita hapo kwenu amesema mota imekufa, bila hata kufungua mfuniko wa nyuma. Jirani naye anakushauri uitupe. Nakuomba uwaweke wote pembeni kwanza. Mota inayonguruma inapata umeme. Tunachotafuta ni kwa nini haizunguki. Mafundi wengi wanabadilisha vifaa kimoja baada ya kingine mpaka mashine iitike, na gharama ya kubahatisha unalipa wewe. Tutafute ugonjwa kabla ya kununua dawa.

Chomoa plagi. Usiridhike na kuzima swichi ya ukutani, kwa sababu nimekuta nyumba nyingi ambazo swichi inakata nyutro na kuiacha fezi hai, na hiyo ni volti 230. Mwaga maji yote, kausha sakafu, vaa kandambili za mpira. Waya wa kijani na njano, ule wa erthi, usiukate wala kuuacha ukining'inia, hata ukiambiwa mashine inafanya kazi bila huo. Inafanya kazi kweli, lakini umeme ukivuja kwenye bati utapita mwilini mwako, nawe umesimama kwenye majimaji.

Sasa tia mkono kwenye tangi la kufulia, uzungushe ile sahani ya plastiki iliyo chini. Ikiwa nzito au inakwaruza, fungua skrubu ya katikati uivue. Huko chini hukaa vibanio vya nywele, vifungo, sarafu na nyuzi za kanga zilizojisokota kwenye ekseli. Pia nyinyi mnatumia maji ya kisima, na maji ya chumvi hula ekseli haraka. Ukiona kutu, isafishe.

Sahani ikizunguka kwa wepesi, geukia nyuma. Fungua mfuniko, utazame mkanda. Kama umelegea, umepasuka au panya ameung'ata, mota itazunguka huku sahani imetulia. Lakini wewe umesema mota yenyewe haiendi, kwa hiyo mimi macho yangu yako kwenye kapasita.

Hapa nataka uelewe sababu. Umeme wa nyumbani ni wa fezi moja, na peke yake unaitikisa mota bila kuipa upande wa kuzungukia. Kapasita inaufanya mkondo wa koili ya pili upishane na wa ile ya kwanza, na kupishana huko ndiko kunakoisukuma mota ianze. Kapasita ikichoka, mota inanguruma tu, inapata joto, na ukiiacha hivyo itaungua kweli. Ndiyo maana nakusihi usiendelee kuijaribu kila baada ya dakika chache.

Utaiona kama kopo dogo jeusi au jeupe lenye nyaya. Mashine za matangi mawili mara nyingi huwa na moja inayohudumia mota zote mbili, imeandikwa mfano wa 10+5 µF, 450 V. Piga picha rangi za nyaya na mahali zilipoingia kabla hujagusa kitu. Kisha kumbuka kwamba kapasita inaweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa mkononi mwako. Chukua balbu ya zamani, ya uzi, yenye nyaya mbili zilizofunikwa vizuri, uguse nazo ncha za kapasita ili chaji iishie humo. Kuziunganisha ncha kwa bisibisi, kama wanavyofanya vijana wa mtaani, kunatoa cheche na kunaweza kuiharibu hata iliyo nzima.

Azima mita yenye kipimo cha kapasita. Ile ya 10 ikisoma 9.7, iko sawa. Ikisoma 4, au ikiwa imevimba, umeshapata mgonjwa. Unaponunua, mikrofaradi ziwe zilezile. Volti zisipungue zilizoandikwa, zikizidi si tatizo.

Kapasita ikiwa nzima, pima mota. Ya kufulia huzunguka pande zote mbili, kwa hiyo koili zake mbili kwa kawaida hulingana: kutoka waya wa pamoja kwenda kila mmoja kati ya zile nyaya nyingine mbili upate ohm zilezile, na kati ya hizo mbili upate jumla yake. Upande mmoja ukikosa kusoma, au ukinusa harufu ya vanishi iliyoungua, hapo ndipo fundi alikuwa sahihi. Usiifungue mota mwenyewe. Ipeleke kwa anayesuka mota, uulize bei ya kusuka na ya mpya kabla hujaamua.

Jambo jingine: umesema tatizo lilianza jioni, saa za kupika. Mtaani kwenu umeme hupungua saa hizo, na kapasita iliyokwisha kudhoofika hushindwa kwanza wakati huo. Hili linanipa moyo zaidi kwamba mota yako ni nzima.

Upande wa kukamua usiuguse kwa sasa. Ila nakuonya: tangi lile huzunguka zaidi ya mara 1,000 kwa dakika, na breki yake ni waya unaovutwa na mfuniko. Watoto wasizoee kuingiza mkono kabla halijasimama kabisa.

Nitumie picha ya kapasita kabla hujaenda Kariakoo, maandishi yote yaonekane, pamoja na urefu wa nyaya zake. Nikishaiona nitakupigia tupange uombe nini dukani.

Wasalaam,
Mjomba wako