Lwiro: rangi ya stoo kabla ya mvua

Kutoka Bukavu hadi Lwiro ni kilomita 45 hivi kuelekea kaskazini. Tunapita Mudaka, Miti na Kavumu, ziwa Kivu likiwa mkono wa kuume na mlima Kahuzi mkono wa kushoto. Kisha tunaacha barabara kubwa na kupanda pole pole kati ya migomba, maharage na mikalitusi. Mwezi wa nane vumbi ni jingi. Tulifika na nguo nyekundu sisi wote, hata wale waliojifunika vitenge.

Wengi wetu tunaijua Lwiro kwa mambo mawili. La kwanza ni kituo cha utafiti wa sayansi. Taasisi ya IRSAC iliundwa wakati wa Wabelgiji, mwaka 1947, ikaweka makao yake hapa. Leo inaitwa CRSN. La pili ni kituo cha kutunza sokwe yatima, kilichofunguliwa mwaka 2002, si mbali na mbuga ya Kahuzi-Biega. Watoto wetu wakisikia Lwiro, huuliza sokwe kwanza.

Safari hii hatukwenda kwa ajili ya sokwe. Tulialikwa na wamama wa kikundi kimoja cha AVEC wanaolima maharage pamoja. Nyuma ya nyumba ya mmoja wao wamejenga stoo ya mbao yenye paa la mabati, ya kuwekea majembe na mbegu. Msimu uliopita unyevu uliingia, na sehemu kubwa ya mbegu ikaota ukungu. Mbegu ile ilikuwa ya familia nyingi. Walikuwa wameweka akiba kidogo ya kununua rangi, na walitaka tuhesabu pamoja nao kabla pesa haijatoka mfukoni.

Kwanza tulizungumza juu ya kitu cha kupaka. Mama mmoja alipendekeza mafuta machafu ya gari, yale ya vidange. Ni bei rahisi, na wengi huyapaka juu ya mbao ili kufukuza mchwa. Mama mkubwa wa kikundi akamjibu kwa upole: "Dada, humo ndani tunaweka chakula cha watoto." Ana haki. Mafuta yale yamebeba sumu za injini, huchafua mikono ya watoto na udongo wa bustani, na ubao uliokunywa mafuta haushiki tena rangi ya maji. Chokaa nayo ni nzuri juu ya ukuta wa udongo au matofali, lakini juu ya mbao za nje hubanduka upesi. Ikabaki rangi ya kweli, ile ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya nje. Haina harufu kali kama ya mafuta, hukauka haraka, na brashi huoshwa kwa maji na sabuni.

Kuna jambo moja ambalo kila mama anapaswa kulitazama dukani: risasi, yaani plomb. Rangi nyingine bado huwekwa risasi ili ing'ae au ikauke upesi. Hatari yake ilijulikana zamani. Mwaka 1921 Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha mkataba wa kupunguza rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Inaharibu akili ya mtoto mdogo, na mama mwenye mimba huipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Umoja wa Mataifa unashauri rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa kila milioni moja. Basi tutafute mkebe ulioandikwa "sans plomb", na tuache ule usio na maandishi yoyote, hata ukiwa wa bei nzuri. Kama kuna rangi ya zamani ya kukwangua, tuiloweshe maji kwanza ili vumbi lisiruke, na watoto wakae mbali.

Kisha tukachukua kamba na kupima. Stoo ina mita 3 kwa mita 2. Mbele ina kimo cha mita 2,2 na nyuma mita 1,8 kwa sababu paa limeinama, kwa hiyo wastani ni mita 2. Kuizunguka ni mita 10. Mara 2, tunapata mita za mraba 20. Tukatoa mlango (0,8 kwa 2, yaani 1,6) na kidirisha (0,4). Zikabaki 18.

Wamama walichagua rangi mbili. Juu ni rangi ya maziwa, kwa sababu rangi nyeupe-nyeupe haivuti joto la jua, na mbegu hazipendi joto. Chini, nusu mita kutoka ardhini, ni kahawia, maana mvua ya Lwiro hurusha udongo mwekundu ukutani. Mlango nao ni kahawia. Ukanda wa chini ni mita za mraba 4,6. Pamoja na mlango ni 6,2. Sehemu ya juu ni 13,4.

Ubao usiorandwa hunywa rangi. Mkono wa kwanza, litre moja inafunika karibu mita za mraba 6. Mkono wa pili, karibu 9. Kwa hiyo:

Rangi ya maziwa: 13,4 kugawa kwa 6 ni 2,2, kugawa kwa 9 ni 1,5. Jumla ni litre 3,7. Wanunue 4.

Kahawia: 6,2 kugawa kwa 6 ni 1, kugawa kwa 9 ni 0,7. Jumla ni litre 1,7. Wanunue 2.

Muuzaji mmoja alikuwa amewaambia watahitaji litre 10. Mama mweka hazina alirudia hesabu mara mbili, kisha akafunga daftari akicheka.

Rangi peke yake haiokoi mbegu. Tulikubaliana waanze na matundu ya mabati, kisha wainue mbao za chini juu ya mawe ili zisiguse udongo. Mbao mbichi zikauke kabisa kwanza. Zisafishwe kwa brashi na msasa, na ncha zilizokatwa zipakwe zaidi, kwa kuwa ndizo hunywa maji. Asubuhi Lwiro ina umande. Waanze jua likishakausha ukuta na waache mapema alasiri. Ndani wasipake kitu. Magunia yakae juu ya vichanja, mbali na ukuta.

Mvua hurudi mwezi wa tisa. Kikundi chenye stoo kama hii kichukue kamba, daftari na watu wawili juma hili: mmoja apime, mwingine aandike, na wote wawili waende dukani pamoja.