Chai Yetu na Madaraja Yake

Kwetu Kirinyaga, chai ilipimwa ubora kwanza kwa jicho la karani wa kituo. Mama alimwaga majani yake mezani, karani akayapekua kwa kiganja, na kila kijiti kigumu au jani lililokomaa likatupwa kando. Kilichotakiwa ni majani mawili na kichipukizi, basi. Aliyekataliwa alikaa chini kuchambua upya huku lori likisubiriwa, na hakuna aliyemwonea haya mwenziwe, kwa kuwa wote waliwahi kurudishwa.

Kiwandani nilifika nikiwa sekondari. Majani yalinyaushwa, yakapita kwenye roli zenye meno zilizoyaponda na kuyakunja kuwa punje, yakaachwa hadi yakageuka rangi ya shaba, kisha yakakaushwa. Mwisho kabisa zilikuwapo chekecheke zinazotikisika. Hapo ndipo zinapozaliwa zile herufi za kwenye magunia: BP1 ni punje kubwa, PF1 ni ndogo kuliko hizo, PD ndogo zaidi, na D1 ni vumbi. Nyuzi na makapi huenda madaraja ya chini. Lakini herufi hizo husema ukubwa wa punje tu. PF1 ya kiwanda kimoja huweza kuipita kwa bei BP1 ya kiwanda kingine, na vumbi lililotokana na majani laini si taka hata kidogo. Hukoza rangi upesi kuliko punje kubwa.

Anayeamua ni mwonjaji. Mombasa nimewaona wakipita mbele ya safu ndefu za bakuli, wakivuta chai kwa kijiko kwa kishindo ambacho mama asingekivumilia mezani kwake, kisha wakaitema. Wanatafuta rangi, ukali na uchangamfu. Mnada wa chai wenyewe ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na tangu 2020 wanunuzi hushindana kwenye kompyuta badala ya kupaaza sauti ukumbini.

Kituoni nako mambo yamegeuka. Mizani ya kielektroniki imeondoa ule ubishi wa kilo, na hilo ni jema. Lakini meza ya kuchambulia inapitwa mbio, na mashine za kuchunia, zinazopunguza gharama kweli, hukata jani gumu pamoja na laini. Mwaka 2021 chai ya wakulima wadogo iliwekewa kikomo cha chini cha bei mnadani, dola 2.43 kwa kilo. Wanunuzi wakachagua iliyo nzuri, na nyingine ikarundikana maghalani. Bei ya amri haikuweza kuitia ladha.

Wakurugenzi wa viwanda wanaotuahidi bonasi kubwa kila uchaguzi wao ukikaribia, waanzie kwenye meza ile. Watuwekee karani mwenye jicho kali, wamlipe vizuri, na akirudisha majani ya jamaa zao wasimhamishe.