Silinda Namba Tatu

Baba aliniambia kwa simu kwamba tapeti ya silinda namba tatu inajikaza. Anairekebisha, baada ya wiki mbili uwazi umekwisha tena. Nilikuwa maktaba, mwaka wa kwanza wa uzamili wa uhandisi mitambo, nikamjibu harakaharaka: irudishe kwenye milimita 0.15, endelea na safari zako.

Uwazi wa valvu ya kutolea moshi ukipotea hivyo kila mara, mara nyingi valvu yenyewe inarefuka. Chuma kimechoka kwa joto. Nilikuwa nalijua hilo. Nimewahi hata kulijibia mtihani. Kichwa cha valvu kilikatikia mlima Kitonga, kikatoboa pistoni. Volkswagen ikavutwa hadi Iringa, ikawekwa chini ya mparachichi. Baba alifariki kwa presha kabla haijaguswa.

Likizo iliyofuata nilishusha injini, mahesabu yangu yakiwa tayari. Kipenyo cha silinda milimita 85.5, mwendo wa pistoni 69: ujazo wa sentimita 396. Kwa bomba la sindano la duka la dawa na kipande cha plastiki angavu nikapima chumba cha kuchomea mafuta, nikapata 50; nafasi iliyobaki juu ya pistoni ikaongeza karibu 9. Uwiano wa mgandamizo, 7.7. Nikichonga hedi na kupunguza shimu chini ya silinda, ningeufikisha 9. Nilitaka pia springi mbili kwa kila valvu, na fimbo za chuma za kusukumia roka badala ya zile za alumini. Hoja yangu niliiona haina tundu: Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, silinda haishibi, basi hata mgandamizo mkubwa hautafanya injini igonge.

Fundi wa baba, mzee anayeniita "injinia" kwa sauti fulani, alinisikiliza hadi mwisho.

"Na mama yako akishuka Morogoro, hewa ya Iringa ataibeba?"

Kisha akanionyesha boksi la feni. Ni la zamani, kipozea oili kimekaa ndani yake, katikati ya njia ya hewa inayokwenda silinda namba tatu. Joto lolote nitakaloongeza litaishia palepale. Springi mbili? Zitaisaga kamshafti, na hela ya kamshafti mpya sina. Fimbo za alumini angalau hutanuka pamoja na injini.

Tukaacha 7.7. Springi za kawaida, fimbo zilezile. Hela yote ikaenda kwenye valvu mpya za kutolea moshi na gaidi zake.

Jioni mama aliniuliza kilichoharibika ni nini hasa. Nikamwekea valvu iliyokatika kiganjani. Akaigeuza.

"Baba yako hakuisikia mapema?"

"Aliisikia, mama. Aliniambia."

Akairudisha mezani, akaendelea kuchambua maharage.