Wosia kwa Wajukuu: Simu Iacheni Mkononi Mwetu

Wajukuu zangu mlio Dar es Salaam na Mwanza, na ninyi mliobaki nami hapa Ng'ambo, Tabora,

Miguu imechoka, na mtu wa umri wangu asiahirishe la moyoni. Habari za nyumba na shamba nimekwisha kuziandika kwenye karatasi iliyo kwa baba yenu mkubwa. Hapa nawausia juu ya simu.

Msidhani naichukia. Mimi nilikuwa mtu wa reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, nayo ni ya njia moja. Treni mbili zikikutana uso kwa uso ni msiba. Kwa hiyo sisi wa stesheni tuliulizana kwa waya na stesheni ya mbele, tukapewa ruhusa, tukaandika saa na dakika daftarini, ndipo treni ikaondoka. Roho za watu zilitegemea ujumbe mfupi uliosikika sawasawa. Mtu aliyezeekea katika kazi hiyo haogopi mashine. Anaogopa kubonyeza asichokielewa, na hofu hiyo ni ya haki.

Tena mnajua mji huu ulivyosubiri habari zamani. Pale Kwihara, karibu na mji wetu, mwaka 1871, Stanley alikuta furushi la barua za kwenda kwa Livingstone lenye tarehe ya Novemba 1, 1870, limekwama hukuhuku Unyanyembe huku mwenyewe akiwa mbali. Barua zilimfikia baada ya mwaka mzima, kwa miguu ya wapagazi. Leo kitukuu changu anazaliwa Muscat asubuhi, nami namwona uso kabla ya adhuhuri. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Linaloniuma ni namna mnavyotufundisha. Mzee akiuliza, mnaichukua simu, vidole vinakimbia juu ya kioo, mnasema "tayari, babu", mnairudisha. Kazi imekwisha, mzee hajajua kitu. Kesho akiuliza lilelile mnatazamana na kucheka. Misafara ya babu zetu kwenda pwani ilikuwa na kirangozi, yaani mwongoza njia, mbele, naye hangekuwa na faida yoyote kama angefika Bagamoyo peke yake. Nendeni nasi hivyo. Shikeni mikono yenu nyuma, semeni "bonyeza hapo", kisha ngojeni. Vidole vyetu ni vizito. Mwaka 2019 laini ziliposajiliwa kwa alama za vidole, niliona kwenye foleni wakulima wa tumbaku wakirudia kidole baada ya kidole, mashine inakataa, kwa kuwa jembe lilikwisha kufuta mistari. Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Mzee wa namna hiyo hakuwa mzembe, alikuwa amelima.

Na hicho kicheko chenu kina gharama msiyoiona. Mzee akichekwa mara mbili, haulizi tena nyumbani. Anamwuliza mtu wa barabarani. Anamtajia wakala namba ya siri kwa sauti, mbele ya foleni. Ukija ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", au sauti ngeni ikisema mjukuu wake yuko hospitali na pesa inatakiwa sasa hivi, hana wa kumshirikisha bila kuona aibu, basi anatuma. Tapeli anajua jambo moja tu juu yetu: kwamba tuko peke yetu na simu. Mtu wa reli hakuruhusu treni kwa sababu aliyepiga ana haraka, alithibitisha kwanza. Wafundisheni wazee kukata simu hiyo na kuwapigia ninyi, nanyi mpokee hata mkiwa kazini. Mzee anayewapigia kuuliza "hii ni kweli?" asisikie kebehi hata siku moja.

Msituombe namba ya siri, hata kwa wema. Mzee mwenye namba yake bado ana neno juu ya mali yake. Akisahau, mpelekeni akabadilishe mwenyewe, msikae nayo ninyi.

Nikiondoka, pesa iliyomo kwenye laini yangu ni mirathi kama ng'ombe na bati. Asiitoe mtu msibani ati anunue sukari. Mteueni msimamizi, Mahakama ya Mwanzo imthibitishe, ndipo akaifuatilie kwenye kampuni ya simu kwa karatasi zake. Nimeona ndugu wakiacha kusalimiana kwa salio dogo.

Zile sauti ninazowatumia WhatsApp, za habari za reli, za mtemi Mirambo, na za mama yangu kwa Kinyamwezi, zihifadhini nje ya simu, maana simu huanguka majini na huibwa. Watoto wenu wasiojua Kinyamwezi wazisikilize mara nyingi, mkiwafasiria.

Nyanya yenu ameanza kusoma mwenyewe ujumbe wa miamala. Husoma polepole, jina la aliyetuma kwanza, kisha kiasi, kisha salio. Jumamosi mkija, mwacheni afike mwisho ndipo mmwulize amepokea shilingi ngapi.

Babu yenu